Uzi wa Buluu kwa Mtoto Asahauye



Somo letu la mwezi huu ni Hesabu 15, aya ya 37 hadi 41. Naomba kila nyumba yenye Biblia wasome wenyewe kwanza, maana ni maneno machache, na wengi wetu huyapita upesi tukitafuta habari kubwa zaidi. Humo Bwana anamtuma Musa kwa wana wa Israeli, kuwaagiza watie vishada katika ncha za mavazi yao, na kila kishada kiwe na uzi wa rangi ya buluu. Sababu yake nayo inaelezwa: macho yao yakiuona uzi ule, mioyo yao itazikumbuka amri za Mungu, nao watazitenda.

Mtu aweza kuuliza: Mungu aliyeumba mbingu na nchi ana haja gani na nyuzi za nguo? Jibu ni kwamba aliwafahamu watu wake. Hao walikuwa wamevuka bahari kwa miguu mikavu. Walikuwa wamekula mana jangwani. Na bado walisahau. Basi Bwana hakutosheka kuwaambia wakumbuke. Aliwapa kitu cha kuonekana kwa macho, tena wakivae, kiende nao kisimani, shambani na sokoni. Tazameni utaratibu wake: kwanza mtu aone, kisha akumbuke, kisha atende. Mungu alijua kwamba kati ya kuambiwa na kutenda pana shimo, na watu wengi hutumbukia humo. Kwa hiyo akaweka daraja.

Nataka tulichukue neno hili tuliingize katika nyumba zetu, kwa ajili ya mtoto fulani ambaye yumo katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani.

MTOTO TUNAYEMJUA

Ni asubuhi. Mama yuko jikoni anapuliza moto, na mtoto mchanga yuko mgongoni. Anapaza sauti: "Nenda kateke maji, ukirudi ufagie uwanja, uwafungulie mbuzi, kisha uoge uende shule." Mtoto wa miaka tisa anajibu vizuri, "Haya, mama." Anachukua ndoo na kwenda. Njiani anaona mjusi amepanda mkorosho. Ndoo inawekwa chini. Kutoka kwa mjusi macho yanahamia kwa wenzake wanaosukuma gari la mti. Nusu saa baadaye mama anamkuta amekaa mchangani anarekebisha gurudumu, na ndoo iko tupu chini ya mkorosho. Anamwuliza, "Nilikutuma nini?" Mtoto anamtazama. Anajua ametumwa, lakini hakumbuki alitumwa nini. Anachapwa. Kesho yake mambo ni yale yale, na keshokutwa, na mwaka mzima.

Mtoto huyu nyumbani tunamwita mkaidi, mvivu, mtundu, kichwa maji. Shuleni anaitwa mtoro hata akiwa amekaa darasani. Na jirani mmoja atasema kwa sauti ya chini kwamba ana pepo, afadhali apelekwe kwa mganga.

Ndugu zangu, katika Injili (Mathayo 21:28-31) Bwana wetu alisimulia habari za wana wawili waliotumwa na baba yao shambani. Wa kwanza alikataa, baadaye akajuta akaenda. Wa pili aliitika vizuri, asiende. Tukimtazama mtoto wetu wa ndoo, upesi tunamweka pamoja na yule wa pili, mwenye maneno matamu na moyo usiotii. Lakini tuangalie vizuri. Yule wa pili hakuondoka kabisa. Mtoto wetu aliondoka. Alichukua ndoo. Alikuwa na nia ya kwenda, na akaenda, akapotea njiani. Huyu ni mwana wa tatu, na haifai kumhukumu kwa kosa la mwenzake.

KATIKA HALI HII MADAKTARI WANASEMAJE?

Mwaka 1902 daktari wa watoto Mwingereza, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wenye akili zao timamu ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia wala kutulia. Tangu siku zile mengi yamejulikana, na tangu mwaka 1987 hali hii imeitwa kwa herufi nne, ADHD. Kwa lugha yetu twaweza kusema ni upungufu wa uangalifu, mara nyingi pamoja na utukutu uliopita kiasi. Katika nchi nyingi walikofanya hesabu, wameona kwa wastani kama watoto watano katika kila mia. Basi darasa la watoto 60 laweza kuwa nao watatu.

Hali hii haitokani na laana, wala haitokani na mama kumdekeza mwanawe. Mtoto huzaliwa na ubongo unaofanya kazi kwa namna yake: hushika vizuri jambo linalompendeza sasa hivi, lakini hushindwa kushikilia agizo akilini huku akifanya jambo lingine, kungoja zamu yake, na kupima saa zinavyopita. Mara nyingi hufuata ukoo. Huenda baba anayesoma ukurasa huu akajiona mwenyewe: alivyokuwa utotoni, na labda alivyo hata leo, mtu wa kuanza kazi tano na kumaliza moja. Kama ni hivyo, na amhurumie mwanawe zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Lakini tusikimbilie kumpa kila mtoto mtundu jina hili. Watoto wote husahau, na watoto wote hucheza. Madaktari hutaka dalili ziwe zimeonekana kabla ya mtoto kutimiza miaka 12, ziwe zimedumu kwa miezi sita au zaidi, na zionekane mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na shuleni pia. Tena hutafuta kwanza sababu nyingine. Mtoto asiyesikia vizuri hataitika. Asiyeona ubao atachokoza wenzake. Mwenye njaa, mwenye minyoo, asiyelala usiku, mwenye kifafa cha kutazama tu bila kuanguka, hao wote huonekana kama hawasikilizi. Na sisi wa pwani tukumbuke malaria. Kule Kilifi, Kenya, watafiti wamewafuatilia watoto waliopona malaria kali iliyopanda kichwani, wakaona kwamba baadhi yao hubaki na shida za kusema, za kujifunza na za uangalifu. Kwa hiyo mzazi mwenye mashaka aanzie zahanati, aeleze yote tangu mtoto alipozaliwa, na akiandikiwa aende hospitali ya Msoga, au Bagamoyo, au Tumbi, hata Muhimbili. Ziko dawa ambazo madaktari bingwa huwapa baadhi ya watoto, lakini hizo si za kununua dukani wala za kupewa na jirani. Na palipo na dawa na pasipo na dawa, mtoto bado anahitaji nyumba iliyopangwa vizuri. Hapo ndipo kazi yetu ilipo.

HABARI YA FIMBO

Najua wazee wangu watasema nini. Watasema: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Watasema: sisi tulichapwa, na leo tu watu. Tena watanionyesha Mithali. Siwadharau. Mtoto lazima afundishwe kazi, na nyumba isiyo na amri ni nyumba ya shida. Mtoto mwenye hali hii anahitaji amri kuliko mwenzake, si pungufu.

Lakini tuulize fimbo inaweza kufanya nini. Fimbo humwambia mtoto kwamba amekosa. Haimwambii ndoo ameiacha wapi. Yule anayejua wajibu wake na kuukataa, labda ataogopa. Yule anayesahau atalia, atajuta kwa moyo wote, ataahidi, na kesho atasahau tena, kwa sababu hatukumpa cho chote cha kumsaidia kukumbuka. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Karibu wote walisema wamewahi kupigwa nyumbani, na wale waliopigwa zaidi ndio walioonekana wakorofi zaidi. Mtu aweza kusema walipigwa kwa sababu ya ukorofi. Sawa, na utafiti wa namna ile hauwezi kuonyesha kipi kilitangulia. Lakini jambo moja ni wazi: kule kupigwa hakukuwaponya. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu inakataza adhabu isiyolingana na umri wa mtoto na hali ya mwili na akili yake.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai (3:21) akiwaonya akina baba wasiwatie watoto uchungu, kwa hofu kwamba watavunjika moyo. Hilo ndilo la kuogopa hasa. Mtoto anayeitwa mjinga kila asubuhi, akifika miaka kumi na mitatu huwa amesadiki. Anaacha kuitika. Anaacha shule. Anakwenda kukaa na watu wasiomtuma kazi yo yote njema. Na sisi tunasema, "Tulijua tangu zamani." Hatukujua, tulimfundisha.

KUFUNGA UZI WA BULUU NYUMBANI

Basi tufanyeje? Tufanye kama Bwana alivyofanya: tumwekee mtoto kitu cha kuona, apate kukumbuka, apate kutenda. Nataja mambo machache ambayo hayahitaji fedha.

Kwanza, agizo liwe moja, tena litolewe karibu. Usipige kelele kutoka jikoni. Mwendee, mwite jina lake, mguse bega, ngoja macho yake yakutane na yako. Sema maneno machache: "Kateke maji." Mwulize, "Nimekutuma nini?" Akijibu, aende. Akirudi, ndipo umpe la pili. Mama atasema hana nafasi ya kuinuka mara nne. Lakini ahesabu nafasi anayotumia kila siku kutafuta ndoo chini ya mikorosho.

Pili, kazi zifuate mpango ule ule kila siku, na kila kazi ifungwe kwa jambo ambalo hutokea kila siku hata tusipolikumbuka. Mtoto huyu hajui saa, lakini anasikia. Adhana ya alfajiri ya jirani zetu ikisikika, anaamka na kukunja mkeka. Akishakunja mkeka, anafagia. Akishafagia, ndipo uji. Jioni, kuku wakiingia bandani, ndio wakati wa kuosha vyombo. Mkibadili mpango leo na kesho, mmeukata uzi. Ukidumu miezi kadhaa, utaona miguu yake inaanza kwenda yenyewe. Lakini msiuondoe uzi mara mnapoona mafanikio, maana hapo ndipo wengi wetu hukosea na kusema, "Amekwisha kua."

Tatu, kazi ionekane kwa macho. Ndoo na ikae mlangoni, mahali ambapo hawezi kupita asiigonge. Ufagio utundikwe msumarini, usifichwe nyuma ya kinu. Chukua mkaa, uchore ukutani picha nne: ndoo, ufagio, mbuzi, daftari. Au weka mbegu nne za korosho katika kopo. Kila kazi ikiisha, mtoto ahamishe mbegu moja katika kopo la pili. Kopo la kwanza likiwa tupu, amemaliza, naye ameona mwenyewe kwamba amemaliza. Hata asiyejua kusoma aweza kufanya hivi.

Nne, kazi kubwa ikatwe vipande. Kwa mtoto huyu, kuambiwa asafishe uwanja wote ni sawa na kuambiwa afagie bara lote. Mwambie, "Fagia kutoka mlangoni mpaka mwembeni, kisha uniite." Halafu, "Sasa mpaka kisimani." Haba na haba hujaza kibaba.

Tano, afanye kazi pamoja na mtu. Wengi wa watoto hawa hushindwa wakiwa peke yao na huweza wakiwa na mwenzao karibu, hata kama mwenzake anafanya kazi nyingine. Bibi anachambua mchele. Mjukuu anaosha vyombo kando yake, na wanaimba. Wazee wetu walijua siri hii. Walilima kwa kushirikiana na walitwanga kwa nyimbo.

Sita, mpeni kazi zinazofaa mwili wake. Mtoto asiyetulia ana nguvu, na nguvu ni karama. Atumwe kupeleka habari kwa shangazi, akaamie ndege, akafukuze ngedere shambani, akachote maji mara mbili. Kazi za kukaa kitako, kama kuchambua mchele, apewe kidogo kidogo. Asiachwe kabisa bila kazi hizo, maana naye atakuwa mtu mzima mwenye nyumba.

Saba, sifa itolewe upesi. Usingoje Krismasi umpe shati kwa ajili ya mwaka mzima wa kazi njema. Kwake Krismasi ni mbali kama Ulaya. Akirudi na maji, sema palepale, "Umeleta maji. Ahsante, mwanangu." Taja alilolifanya, asikie. Mtoto aliyezoea kusikia makosa yake tu atasimama kidogo kushangaa, na kesho atataka kulisikia neno hilo tena.

Nane, akikosa, lirekebishwe siku ile ile, kwa maneno machache, kisha liishe. Amesahau kufagia: afagie sasa, kabla ya kucheza. Amemwaga maji kwa mchezo: arudi kisimani. Msimhesabie makosa ya wiki iliyopita. Mtoto huyu hukasirika upesi na kusahau upesi, na hotuba ndefu humpita kama upepo.

Hapa niseme kwa uzito juu ya hatari. Mtoto wa namna hii asiachwe peke yake na sufuria inayochemka, wala na mtoto mchanga karibu na mafiga. Asitumwe peke yake kuteka maji mtoni penye mamba. Panga asiachiwe bila mtu mzima karibu. Si kwamba hapendi mdogo wake. Ni kwamba kipepeo akipita, moto utasahauliwa. Hayo si mambo ya kujifunzia kwa kukosea.

Na tusiwasahau wasichana. Mvulana akiruka juu ya madawati, kila mtu humwona. Lakini wako wasichana wasioruka kabisa. Wamekaa kimya, macho yao yako dirishani, mboga zinaungua, mwiko haujulikani uliko. Huyu mara nyingi hapelekwi hospitali, maana hasumbui mtu. Huambiwa tu kwamba ni mzembe na kwamba hataolewa. Na kwa kuwa kazi nyingi za nyumbani tumezitwika vichwani mwa wasichana, yeye hukosa mara nyingi zaidi na kulaumiwa mara nyingi zaidi. Mama, mtazame binti yako tena. Na baba, ufagio haujaandikwa jina la msichana.

KANISA NALO LINA KENGELE

Mtu asione haya kwamba mwanawe anahitaji kukumbushwa. Sisi sote twahitaji. Kwa nini Kanisa lina kengele? Kwa nini vituo vya kale vya misheni katika pwani yetu viliigawa siku kwa kengele, ya sala, ya shule na ya kazi? Kwa nini padre hubadili mavazi, zambarau wakati wa Kwaresima, nyeupe wakati wa Pasaka? Kwa nini maneno ya Misa huja kwa mpango ule ule kila Jumapili, tukaungama kila wiki na kila wiki tukaondolewa dhambi? Ni kwa sababu Mama Kanisa anawajua watoto wake. Hakuwategemea wakumbuke wenyewe. Amewafungia uzi katika kila pembe ya mwaka. Basi lile ambalo Kanisa linatutendea sisi watu wazima, kwa nini tulione ni kudekeza tukimtendea mtoto wa miaka tisa?

Kumbukeni Gethsemane (Marko 14:32-42). Usiku ule Bwana aliwapa rafiki zake kazi moja ndogo, kukesha pamoja naye. Akarudi akawakuta wamelala. Akawarudia mara ya pili, na mara ya tatu. Aliwalaumu, ni kweli. Hakusema kwamba si kitu. Lakini aliona pia kwamba ndani yao nia ilikuwapo na miili ilishindwa, na hakuwatupa. Na baada ya kufufuka alimwendea Petro, yule msemaji wa haraka ambaye ahadi zake kubwa zilikuwa zimevunjika kabla ya jogoo kuwika, akampa tena kazi. Alimpa kwa maneno machache, kuwachunga kondoo wake, na akayarudia mara tatu (Yohana 21:15-17). Wazazi, hapa mnaye mwalimu wenu. Kurudia mara tatu si udhaifu wa mzazi. Bwana wetu alifanya hivyo.

Lakini mama mmoja hawezi kurudia mara tatu kila siku kwa miaka kumi peke yake. Atachoka, na akichoka atapiga. Mkono mmoja haulei mwana. Siku tunapombatiza mtoto, wasimamizi wake huahidi mbele ya Mungu kumsaidia, na sisi sote tuliopo tunasikia ahadi hiyo. Msimamizi wa ubatizo, ahadi yako haikuisha pale kwenye maji. Mchukue mtoto huyu Jumamosi moja, aende nawe shambani, mama yake apumzike. Akina mama wa Umoja, mnakumbuka kwamba chama chenu kilianzishwa mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa padre wa kijiji huko Uingereza, kwa sababu aliona akina mama wanahitaji kusaidiana katika malezi. Nawaomba, katika mkutano wenu ujao mtenge saa moja kwa jambo hili. Mama mwenye mtoto wa namna hii aseme yaliyomfaa, mwingine ajifunze. Yawezekana huyo mama hajawahi kusema mbele ya watu, kwa aibu.

Walimu wa shule ya Jumapili, mtoto asiyetulia mpeni kazi ya kugawa vitabu vya nyimbo na kupiga kengele. Wazee wa Kanisa, akitembea wakati wa mahubiri msimtoe nje kwa sikio. Mkae naye, na ikibidi mtoke naye, mzunguke naye uwanjani mara moja, mrudi naye. Na wote tunaoombea wagonjwa, tumwombee, tumwekee mikono, kwa upole. Lakini mtu asimwambie mtoto kwamba ana pepo kwa kuwa amesahau ndoo. Neno hilo litakaa naye muda mrefu kuliko shida yenyewe.

Wapendwa, siwaahidi kwamba uzi huu utamfanya mtoto wenu awe kama wengine kabla ya mavuno. Waisraeli walivaa vishada vyao, na bado waliwapa manabii kazi kubwa. Wengine wa watoto hawa hutulia wakikua, wengine hubaki na shida hii hata wakiwa watu wazima, lakini mtu aliyezoezwa tangu utotoni kujiwekea alama huweza kuishi nayo na kufanya kazi njema. Ninalowaomba ni dogo. Kesho asubuhi, kabla hujamwita mkaidi, jiulize neno moja: amekataa, au amesahau? Kama amekataa, mwadibu kwa kiasi na kwa upendo. Kama amesahau, mfungie uzi.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyewapa watu wako kitu cha kuona ili wasikusahau, uwatazame watoto wetu ambao nia zao ni njema na akili zao hutawanyika upesi. Uwape wazazi wao subira ya kurudia, uwape walimu wao macho ya kuona, na utupe sisi sote mikono ya kusaidia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.

Ndimi Padre wenu.